Levi Woodbury alikuwa nani, na anahusikaje na mkataba wa Sayyid Said?

"Nafundisha Historia sekondari hapa Tanga, na ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Kila ninaposoma nakutana na jina la Levi Woodbury. Mahali pamoja anaitwa Waziri wa Jeshi la Majini, pengine Waziri wa Fedha, pengine seneta, pengine jaji wa Mahakama ya Juu. Nimeanza kushuku kuwa ni watu wawili au watatu waliochanganywa. Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba ndiye aliyetia saini mkataba ule, na kwamba kwa kuwa alitoka majimbo ya Kaskazini, bila shaka alipinga utumwa. Je, ni kweli? Na je, inafaa nimfanye yeye kiini cha utafiti wangu?"

Mwalimu, ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Nianze na shaka yako ya kwanza: Levi Woodbury ni mtu mmoja. Alikuwa jaji wa jimbo, gavana, seneta, Waziri wa Jeshi la Majini, Waziri wa Fedha, seneta kwa mara ya pili, kisha jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani mpaka kifo chake. Vitabu vyako havijakosea. Aliyekosea ni mwenzako, tena mara mbili. Woodbury hakutia saini mkataba wa 1833, na hakuwa mpinga utumwa. Kosa la kwanza ni dogo, linasahihishika kwa sentensi moja. La pili ni zito, na nitakaa nalo zaidi hapa chini, kwa sababu ukiliingiza katika pendekezo lako litapinda kila utakachoandika baadaye.

Kwanza vyeo. Msomaji wa Tanzania ana kila sababu ya kuchanganyikiwa, kwa kuwa kwetu waziri ni mbunge na anaendelea kukaa bungeni. Katiba ya Marekani inakataza jambo hilo: mwenye wadhifa katika serikali hawezi kuwa mjumbe wa Bunge wakati huohuo. Seneta akikubali uwaziri, anaachia kiti. Kwa hiyo ukivipanga vyeo vya Woodbury kwa tarehe, utaona havigongani hata kimoja. Alikuwa seneta wa New Hampshire kuanzia Machi 1825 hadi Machi 1831. Aliingia Wizara ya Jeshi la Majini tarehe 23 Mei 1831 na kuondoka mwishoni mwa Juni 1834. Tarehe 1 Julai 1834 akahamia Hazina, yaani Wizara ya Fedha, akakaa humo hadi 3 Machi 1841, na kesho yake akarudi Seneti. Septemba 1845 Rais Polk alimteua Mahakama ya Juu, na Seneti ikamthibitisha Januari 1846. Alifariki Portsmouth tarehe 4 Septemba 1851. Tarehe hizi zitakusaidia kupima vyanzo vyako. Ukikuta mwandishi anamtaja kuwa Waziri wa Fedha wakati mkataba unasainiwa, ujue huyo amenakili bila kuhakiki.

Lakini tarehe hazielezi kwa nini mtu huyuhuyu aliendelea kuitwa. Hapo inabidi uijue New Hampshire. Woodbury alizaliwa Francestown tarehe 22 Desemba 1789, akamaliza Chuo cha Dartmouth mwaka 1809, akasomea sheria, na mwaka 1817, kabla hajafikisha miaka 30, alikuwa tayari jaji wa mahakama ya juu ya jimbo lake. Mwaka 1819 alihamia mji wa bandari wa Portsmouth. Ushike mji huo akilini, utatufaa. Alikuwa gavana kwa mwaka mmoja tu, 1823 hadi 1824, akashindwa alipotaka kuendelea. Mwaka uliofuata alikuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na bunge hilo la jimbo likampeleka Seneti. Enzi hizo, na hata mpaka 1913, maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Aliyeaminiwa na wakubwa wa chama jimboni aliweza kusogezwa kutoka kiti hadi kiti bila kupanda jukwaa la kampeni.

Na New Hampshire ilikuwa na chama hasa. Mhariri mmoja wa gazeti mjini Concord, Isaac Hill, alijenga kundi imara la wafuasi wa Andrew Jackson, aliyekuwa Rais kuanzia 1829, katika eneo la New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, ambako Jackson alikuwa na marafiki wachache sana. Rais aliyetaka serikali yake ionekane ya taifa zima alimhitaji mtu wa New England, na waliofaa hawakuwa wengi. Muhula wa Woodbury ulipokwisha mwaka 1831, Hill alikichukua kiti cha Seneti na Woodbury akaenda kwenye baraza la mawaziri. Nafasi ilipatikana kwa sababu baraza la kwanza la Jackson lilikuwa limevunjika kutokana na ugomvi uliomzunguka Margaret Eaton, mke wa Waziri wa Vita, ambaye wake wa mawaziri wenzake walikataa kumtembelea wala kumpokea. Waziri wa Jeshi la Majini, John Branch, alikuwa miongoni mwa walioondoka. Ndivyo mwanasheria wa mji wa bandari alivyokabidhiwa manowari za nchi nzima.

Sasa tuje Zanzibar. Portsmouth alikuwako mfanyabiashara aitwaye Edmund Roberts, aliyekuwa amepoteza mali nyingi baharini na akijitahidi kuinuka tena. Mwaka 1827 alikodi meli na kusafiri hadi Zanzibar. Huko alikutana na Sayyid Said, akalalamika juu ya masharti waliyowekewa wafanyabiashara wa Marekani, na Sayyid akaonyesha kuwa yuko tayari kufanya mkataba wa biashara na serikali ya Roberts. Naomba uipigie mstari hatua hiyo. Vitabu vingi vinasimulia kana kwamba Marekani ndiyo iliyobisha hodi. Sayyid Said alikuwa na sababu zake za kutaka taifa la tatu katika bandari zake, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamemkaba kwa mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa, na Wamarekani walileta fedha, vitambaa na bunduki bila kudai ardhi.

Roberts aliporudi nyumbani alimwandikia mtu aliyemfahamu Portsmouth, yaani Woodbury, ambaye wakati huo alikuwa seneta. Barua hizo hazikuzaa kitu mara moja. Mambo yalibadilika Woodbury alipopata wizara yenye meli. Mwaka 1831 habari ilifika Marekani kwamba meli ya biashara kutoka Salem, iitwayo Friendship, ilivamiwa Kuala Batu katika pwani ya Sumatra na baadhi ya mabaharia wake wakauawa. Serikali iliamua kutuma manowari kubwa, Potomac, kwenda kulipiza kisasi, na nyuma yake ikafuata manowari ndogo, Peacock. Ndani ya Peacock ndimo Woodbury alimopatia Roberts nafasi. Maagizo rasmi ya ujumbe yalitolewa mwanzoni mwa 1832 na Waziri wa Mambo ya Nje, Edward Livingston, ila meli, wakati na imani ya Rais vilipitia kwa Woodbury. Ili safari isigundulike na mataifa mengine, Roberts aliandikishwa kama karani wa nahodha.

Roberts alikwenda kwanza Mashariki ya Mbali. Vietnam hakufanikiwa. Siam alipata mkataba tarehe 20 Machi 1833. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, alitia saini na Sayyid Said mkataba unaouchunguza wewe. Kwa hiyo saini unayoitafuta ni ya Roberts. Seneti iliuridhia Juni 1834, na hati za uridhiaji zikabadilishwa Muscat mwishoni mwa Septemba 1835, baada ya Peacock kukwama kwenye miamba ya kisiwa cha Masirah na Roberts kulazimika kufika mjini kwa mashua ndogo. Hakurudi tena nyumbani. Alifariki Macau Juni 1836.

Yaliyomo utayasoma mwenyewe, na nakusihi uyasome yote kwa kuwa ni mafupi. Ushuru uliwekwa asilimia 5 ya mzigo unaoteremshwa bandarini. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua bandari zote za Sayyid, isipokuwa bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Zanzibar, ambazo zingeuziwa serikali peke yake. Marekani ilipata haki ya kuweka mabalozi wadogo wenye mamlaka ya kuamua kesi za raia wao. Balozi wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Zanzibar mwaka 1837. Waingereza walipata mkataba wao wa biashara 1839, miaka sita baada ya Wamarekani. Na kitambaa ambacho bibi zetu bado wanakiita merikani kilisambaa hadi ndani kabisa ya bara, kikibadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Kilifumwa viwandani New England kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Hilo nalo liandike, kwa sababu linatuleta kwenye kosa la pili la mwenzako.

Kabla ya hapo nipite haraka Hazina, ambako Woodbury alikaa muda mrefu kuliko wizara nyingine yoyote. Aliingia wakati Seneti imemkataa Roger Taney, mtu aliyeondoa fedha za serikali katika Benki ya Marekani kwa amri ya Jackson. Januari 1835 deni la taifa lilimalizwa kulipwa lote, jambo ambalo halijatokea tena katika historia ya nchi hiyo. Ziada ikajaa, ikagawiwa majimbo, na uuzaji wa ardhi ya serikali ukapanda kwa mikopo ya benki zisizo na akiba. Tarehe 11 Julai 1836 Woodbury alitia saini waraka ulioagiza ardhi hiyo ilipwe kwa dhahabu na fedha halisi. Mei 1837 benki za New York ziliacha kulipa sarafu na uchumi ukaporomoka. Wapo wanaomtupia lawama zote yeye na waraka wake. Mimi naona lawama hiyo imezidi kipimo: amri ilikuwa ya Jackson, na kubanwa kwa mikopo kutoka London pamoja na kushuka kwa bei ya pamba kulichangia sana. Ila ni haki kusema kwamba Woodbury alikuwa mtekelezaji mwaminifu wa siasa za mkubwa wake, na tabia hiyo ndiyo utakayoikuta kila mahali katika maisha yake.

Alikuwa bado Hazina mwaka 1840 wakati meli ya Sayyid Said, Sultana, ilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili ikiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Ilileta farasi, lulu na zawadi nyingine kwa Rais Van Buren. Katiba haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, hivyo Julai 1840 Bunge lilipitisha azimio la kuruhusu ziuzwe na mapato yake yaingie Hazina. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, hapa kuna jambo la kuvutia: mtu aliyempatia Roberts meli mwaka 1832 ndiye aliyekuwa mkuu wa Hazina wakati jibu la Sayyid linafika New York.

Sasa utumwa. Fikra kwamba kila mtu wa Kaskazini alipinga utumwa ni fikra ya baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1861, imerudishwa nyuma na kuvikwa watu wa zamani. Chama cha Woodbury, Democratic, kilikuwa cha Kaskazini na Kusini kwa pamoja, na tangu 1832 mgombea wake wa urais alihitaji kura za theluthi mbili ya wajumbe wa mkutano mkuu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeweza kupata tiketi huku Kusini wakimkataa. Mwanasiasa wa New Hampshire mwenye ndoto ya urais alijua hivyo, na Woodbury alikuwa na ndoto hiyo. Katika mkutano wa Baltimore wa 1848 alikuwa miongoni mwa waliopigiwa kura, lakini Lewis Cass ndiye aliyeshinda. Alipokuwa seneta alitetea kuunganishwa kwa Texas, ardhi iliyokuwa na utumwa. Sisemi kwamba aliyafanya yote kwa tamaa. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba muungano wa majimbo ulisimama juu ya maafikiano na wenye watumwa, na kwamba kuyagusa ni kuivunja nchi. Lakini imani hiyo ililipwa na watu waliokuwa utumwani. Yeye haikumgharimu chochote.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni hukumu aliyoiandika mwaka 1847. John Van Zandt, mkulima wa Ohio, aliwapakia katika gari lake la farasi watu tisa waliotoroka utumwani Kentucky. Aliyedai kuwamiliki, Wharton Jones, alimshitaki chini ya sheria ya 1793 iliyoweka adhabu ya dola 500 kwa anayeficha watoro. Mawakili wa Van Zandt walikuwa Salmon Chase na William Seward. Walidai kwamba sheria ile inapingana na Katiba na haki ya asili. Mahakama yote iliwakataa, na Woodbury ndiye aliyeandika: suala la utumwa ni la kisiasa, kila jimbo lijiamulie, na jaji hana budi kuisimamia Katiba pamoja na maafikiano yaliyomo ndani yake. Miaka 14 baadaye Lincoln alimfanya Seward Waziri wa Mambo ya Nje na Chase Waziri wa Fedha. Chase alikalia kiti kilekile alichokalia Woodbury kuanzia 1834 hadi 1841.

Usije pia ukamgeuza Woodbury kuwa mwovu wa pekee. Kiti chake mahakamani kilihusishwa na New England, kwa kuwa majaji wa Mahakama ya Juu walizunguka kusikiliza kesi katika kanda zao. Ndiyo sababu Polk, alipofariki Joseph Story wa Massachusetts, alitafuta mtu wa kanda hiyohiyo. Woodbury alipofariki akaja Benjamin Curtis, naye wa Massachusetts. Mwaka 1857, mahakama ilipoamua katika kesi ya Dred Scott kwamba Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, Curtis alipinga kwa maandishi. Hata hivyo Curtis huyohuyo alikuwa ametetea sheria ya kuwarudisha watoro. Kanda ileile, kiti kilekile, na bado inabidi usome maandishi ya kila mmoja kabla ya kumpa jina.

Umeuliza kama umfanye kiini. Ushauri wangu ni hapana. Maisha yake yote yatakupeleka kwenye benki za Marekani na kesi za kodi, mbali na Sayyid Said, na msimamizi wako atakuuliza kwa haki kabisa kwa nini utafiti huu unafanyika Tanzania. Njia ya pili ni kumchukua kwa miaka kumi na miwili tu, kati ya barua za Roberts na safari ya Sultana. Hiyo inawezekana, na ina faida ya kukuonyesha jinsi uamuzi ulivyopita ndani ya serikali ya Jackson. Hasara yake ni kwamba Sayyid atabaki kuwa mtu anayeandikiwa tu. Ningekuwa wewe ningechagua njia ya tatu: kumweka Sayyid Said katikati, Roberts awe mjumbe, na Woodbury apewe sura moja inayojibu swali moja, yaani kwa nini ombi lililopuuzwa 1828 likakubaliwa 1832. Jibu lake ni lile la manowari na chama. Katika sura hiyo unaweza pia kuuliza kwa nini mkataba haukusema lolote kuhusu biashara ya watumwa, ilhali Waingereza hawakuacha kuitaja. Ukishajua Woodbury na wenzake walisimama wapi nyumbani kwao, ukimya huo hautakushangaza.

Mengi unaweza kuyasoma ukiwa Tanga. Maandishi ya mkataba yamechapwa mara nyingi, na maelezo ya Roberts ya safari yake yalichapwa 1837, baada ya kifo chake. Lakini yapo ambayo hayatafutiki kwa simu. Nyaraka za Woodbury na za Roberts zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge, Washington. Waandikie wakutubi wa kitengo cha hati, ukiwatajia miaka na majina mahususi, maana ombi la jumla halipati jibu la maana. Ripoti za mabalozi wa Marekani walioko Zanzibar, kuanzia miaka ya 1830, ziko katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo na zilipigwa kwenye filamu, kwa hiyo anza kwa kuulizia nakala katika maktaba ya chuo chako. Kwenye hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, Zanzibar, itabidi ufike mwenyewe, baada ya kuulizia utaratibu wa kibali cha utafiti mapema. Na barua za Sayyid Said ziliandikwa na makarani wake kwa Kiarabu cha karne ya 19, kwa mwandiko ambao hata msomi wa Kiarabu cha leo hukwama. Kama husomi hati hizo, mtafute atakayezisoma pamoja nawe sasa, kabla ya kuwasilisha pendekezo, na jina lake liwe tayari katika mpango wako wa kazi.